Kanyama, Kinyama, Zimwi: Ngeli za Nomino na Mchezo wa Kulea Madubwana katika Kiswahili cha Fizi na Baraka

Utangulizi

Makala haya yametokana na ugomvi mdogo wa watoto wawili, na ugomvi wenyewe ulihusu kiambishi kimoja tu. Ilikuwa wakati wa likizo kubwa, miaka michache iliyopita, barazani kwa dada yangu mjini Baraka. Watoto hao walikuwa wameinamia simu moja iliyopasuka kioo, wakicheza mchezo wa Pokémon ulioandikwa kwa Kifaransa. Mkubwa wao alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, akarudi Fizi pamoja na wazazi wake. Mdogo hajawahi kuvuka ziwa.

Yule mkubwa alionyesha kiumbe kilichokuwa kikirukaruka kwenye kioo, akasema kwa mapenzi matupu: "Tazama kinyama changu kinavyocheka!" Mwenzake akamkodolea macho. "Kinyama? Si unaona kako kadogo! Sema kanyama." Mkubwa akajibu kwamba kanyama si Kiswahili. Mdogo akasema kwamba kinyama ni tusi. Walipokwisha kuchoka wakanigeukia mimi: "Mjomba, wewe ndiye unafundisha Kiswahili. Nani kati yetu amesema vibaya?"

Naungama kwamba sikuwa na jibu la haraka. Kwa mujibu wa vitabu tunavyofundishia, mkubwa ndiye aliyepatia. Kwa mujibu wa masikio ya mtu aliyekulia kandokando ya Ghuba ya Burton, mdogo naye hakukosea hata kidogo. Lililonishangaza zaidi ni kwamba mchezo wenyewe, kwa namna ulivyoundwa, hauwezi kuelezwa kwa Kiswahili mpaka swali hilo la watoto lipate jibu.

Mchezo na kanuni zake

Kwa faida ya wasomaji ambao hawana watoto wa umri huo nyumbani, ni vema kueleza kwanza mchezo unavyokwenda. Ulitolewa nchini Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa ajili ya Game Boy, chombo cha mkononi cha kampuni ya Nintendo. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto aliyependa kukusanya wadudu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyozaa mchezo. Jina Pokémon ni mkato wa maneno mawili yaliyokopwa na Kijapani, yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Mchezaji ni mtoto anayeaga kwao na kuanza safari. Kabla ya kuondoka hupewa na profesa mmoja kiumbe kimoja kati ya vitatu. Njiani, katika majani marefu, hukutana na viumbe vya mwituni, huvidhoofisha kwa mapambano, kisha huvinasa ndani ya tufe. Kiumbe kinachoshindwa hakifi; huzimia tu, kikapelekwa kuuguzwa. Kadiri kinavyopambana ndivyo kinavyopata uzoefu, na kikifikia daraja fulani hubadilika umbo ghafla mbele ya macho ya mchezaji. Mjusi mdogo mwenye moto mkiani, anayeitwa Salamèche kwa Kifaransa, hugeuka Reptincel kwenye daraja la 16, na kwenye daraja la 36 huwa Dracaufeu, joka lenye mabawa.

Katika toleo la kwanza viumbe hao walikuwa 151. Leo wamezidi 1,000. Ipo michezo mingine ya jamii hiyohiyo, kama vile Digimon na Monster Rancher, lakini kiini chake ni kimoja: mtoto anakabidhiwa kiumbe kidogo cha kutisha kidogo, anakilea, kinakuwa kikubwa cha kutisha sana, na bado ni chake.

Matoleo makuu ya mchezo huu yamepatikana kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania na Kikorea, na tangu 2016 kwa Kichina pia. Hakuna lugha hata moja ya Kiafrika katika orodha hiyo. Koltani, jiwe linalotoa tantali inayotumika katika vyombo vya elektroniki, imechimbwa Kivu kwa miaka mingi na kusafirishwa hadi viwanda vya mbali. Kwa hiyo mawe ya kwetu yaliingia ndani ya vyombo hivyo zamani, ilhali maneno ya kwetu yangali nje. Hilo nalitaja tu na kuliacha, kwani somo letu ni sarufi.

Ki- ya Unguja na ki- ya Kivu

Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya msingi wa Kiunguja, hutumia ngeli ya ki-/vi- kudunisha ukubwa: mlima, kilima, mto, kijito, mtoto, kitoto. Ukubwa hupatikana katika ngeli ya li-/ya-: mtu, jitu, mbwa, jibwa, nyoka, joka. Haya anayajua kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kiswahili cha Kivu, pamoja na kile cha Katanga, kina utaratibu mwingine. Udogo huonyeshwa kwa ka-/tu-: katoto, tutoto, kanyama, tunyama, kanyumba, tunyumba. Viambishi hivi vimetoka katika lugha za Kibantu zinazotuzunguka, na vina upatanisho wake kamili: kanyama kangu kamelala. Kwa kuwa nafasi ya udogo imekwisha kushikwa na ka-, kiambishi ki- kimeachwa huru, nacho kimechukua kazi nyingine. Mtu wa kwetu akisema kitoto au kijamaa, mara nyingi anamaanisha kitu kilichozidi kipimo, chenye ubaya au cha kuchukiza. Uwingi wake husikika kama bi-: binyama. Kwa ufupi, kiambishi kilekile kinachopunguza kule Unguja kinaweza kukuza huku kwetu, na pamoja na kukuza kinatukana.

Msomaji asidhani kwamba huu ni upotovu wa watu wa bara. Hata katika Kiswahili sanifu ki- haina udogo peke yake. Kipofu, kiziwi na kilema si watu wadogo. Ni watu waliotajwa kwa upungufu wao. Tena kiboko na kifaru wamo katika ngeli hiyohiyo, na mvuvi yeyote wa ziwa letu ambaye mtumbwi wake umewahi kukaribiwa na kiboko hatamwona kuwa mdogo.

Sasa turudi kwenye simu. Mtoto wa Nyarugusu alikua akisikia redio, nyimbo na mazungumzo ya Tanzania. Alipoona kiumbe kidogo alitumia ki- ya mapenzi. Mtoto wa Baraka alisikia ki- ya karaha. Hii si tofauti ya lafudhi ambayo watu huicheka na kuisahau, maana imepinduka. Mfasiri anayekaa Dar es Salaam akiandika kinyama ili kumpendezesha mtoto, maneno yake yatamfikia mtoto wa Baraka kama tusi. Na mfasiri wa Bukavu akiandika kinyama kwa lile joka la daraja la 36, mtoto wa Unguja atashangaa kwa nini joka kubwa hivyo linaitwa kidogo.

Nimewasikiliza watoto wengine wa mtaa uleule nikagundua jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili utafiti mrefu kuliko makala haya. Wakati kiumbe kingali kichanga wanakiita kanyama. Kikipanda daraja la kati wanakiita nyama, bila kiambishi chochote, kwa maana ya mnyama. Kikifikia umbo la mwisho, hasa kikiwa cha adui, huwa kinyama. Hatua tatu za mchezo zimepata ngazi tatu za ngeli bila mwalimu yeyote kuwafundisha. Kiswahili sanifu nacho kina ngazi tatu, kinyama, mnyama na jinyama, lakini sijasikia mtoto akizitumia kwa ustadi namna ile. Watoto haohao wakiingia darasani na kuandika kanyama, kalamu nyekundu hupita juu yake. Mimi mwenyewe nimeipitisha mara nyingi.

Zimwi

Tukiacha viambishi, tunakutana na nomino yenyewe. Lile neno la Kijapani lililokopwa, lenye maana ya dubwana, tulifasiri vipi? Tunayo maneno mengi: dubwana, jitu, joka, zimwi, jini, pepo, shetani. Wingi huu usitudanganye. Jini, pepo na shetani ni maneno ya dini na ya uganga. Mzazi wa Baraka, awe Mwislamu, Mprotestanti au Mkatoliki, akisikia mwanawe anafuga shetani mfukoni, simu itatupwa ziwani kabla ya jioni. Wala hofu hiyo si ya kwetu tu. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuukataza mchezo huu, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kwamba unafanana na kamari, na kwamba unawazoesha watoto nadharia ya mageuko ya viumbe.

Neno ninalolipendekeza ni zimwi. Asili yake ni mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya roho ya mfu, mzizi uleule uliotupa mzimu, mizimu na kuzimu. Waagĩkũyũ wanalo irimũ, Wazulu wanalo izimu. Karibu zaidi na sisi, Wanyanga wa Walikale wanalo Kirimu, joka lenye vichwa saba ambalo shujaa Mwindo alilipiga na kuliua, katika utenzi uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Kirimu ana kiambishi ki-, naye ana vichwa saba na tumbo la kumeza watu. Wala hakuna Mnyanga anayesikia udogo ndani ya jina hilo. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba ki- ya ukubwa si uzushi wa vijana wa mitaani.

Neno zimwi lina sifa nyingine inayolifaa mchezo huu. Lina upatanisho wa namna mbili. Tunaweza kusema zimwi limekuja, kwa ngeli yake ya umbo, au zimwi amekuja, kwa ngeli ya wenye uhai. Vitabu vya sarufi hutuelekeza kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa-, isipokuwa msemaji anapokusudia kukuza au kudharau. Kwa hiyo mtoto anayecheza analazimika kuamua. Zimwi la adui limeanguka. Zimwi wangu amezimia. Kwa kubadili kiambishi tu, amekwisha kusema yupi ni kitu na yupi ni mwenzake. Hata wingi wa jina Pokémon lenyewe unafuata njia hiyo. Mmoja wa wale watoto alisema mapokemoni alipohesabu walio mwituni, na bapokemoni alipotaja wake mwenyewe, kwa ba- ya Kivu inayotumika katika bantu na batoto.

Methali yetu husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida huwa tunaitoa kama faraja kwa mtu aliyeangukia mikononi mwa ndugu mkali. Tukiisoma upya mbele ya mchezo huu, tunaona kwamba ndani yake zimwi na mtu wamekwisha kujuana, ingawa sarufi imebaki na li-. Methali haikuthubutu kusema zimwi akujuaye. Mchezo unamtaka mtoto athubutu.

Kufuga au kulea?

Kitenzi nacho kina matata yake. Kiswahili kinatenganisha kufuga na kulea. Tunafuga kuku, mbuzi na ng'ombe, tunalea watoto. Kifaransa kimelikwepa swali hili kwa kumwita mchezaji dresseur, yaani mtu anayemfunza mnyama utii, kama wale wa sarakasi.

Kufuga kungeonekana kuwa chaguo la wazi. Lakini neno mfugaji katika eneo la Fizi si neno jepesi. Linakumbusha mara moja ng'ombe wanaopita, mashamba yaliyokanyagwa na ugomvi wa miaka mingi wa nyanda za juu za Itombwe, ambao umewaua na kuwahamisha watu wa kila upande. Sitaki mtoto wa Baraka wala mtoto wa Minembwe akutane na neno hilo ndani ya mchezo na kuuliza ni akina nani waliokusudiwa.

Isitoshe, fasihi yetu ya pwani imekwisha kuonyesha mwisho wa kufuga bila kulea. Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapa London mwaka 1870, imo ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka yule alianza kwa kula mifugo. Watu waliposhtaki, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Paka akakua, akala wanyama wakubwa zaidi, akala watu, na hatimaye akawaua hata wana wa Sultani. Hapo tu ndipo mwenye paka alipokiri kwamba yule si paka tena bali ni nunda, mla watu. Mwana mdogo akaenda mwituni kumtafuta, akawa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, kila mara akimleta nyumbani na kuambiwa na mama yake kwamba siye.

Nadhani msomaji ameona jinsi hadithi hii inavyofanana na mchezo wetu, na mahali inapotofautiana nao. Kuna kiumbe kidogo cha nyumbani kinachokua hatua kwa hatua. Kuna kijana msafiri. Kuna orodha ya wanyama inayopanda kwa ukubwa. Lakini Sultani hakumfunza paka wake neno lolote. Alimmiliki tu. Tena angalia jinsi jina lilivyobadilika: paka aliendelea kuitwa paka mpaka alipomgusa mwenyewe. Ukuaji ulikwisha kutokea zamani; lugha ndiyo iliyochelewa.

Kwa sababu hizi nimechagua kulea. Najua wapo watakaosema kwamba hatulei wanyama, na watanikumbusha methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, inayohusu mtoto wa binadamu. Nakubali. Lakini hicho ndicho mchezo unachodai: kiumbe kinakuwa vile mchezaji alivyokitunza. Na mchezaji mwenyewe ataitwa mlezi, neno safi lisilomwudhi mtu.

Hatua ile ya kubadilika umbo sikuitafutia neno jipya. Mageuko ni neno la darasa la biolojia. Watoto wanasema kugeuka. Ni kweli kwamba katika masimulizi ya ziwani mtu hugeuka mamba, na wazee wakilisikia neno hilo huinua nyusi. Hata hivyo mabadiliko ya ghafla yana neno lake katika Kiswahili, na neno hilo ni hili. Tukilikimbia kwa hofu ya uchawi, tutabaki na kukua, ambako ni kwa polepole, na mchezo utapoteza dakika yake tamu kuliko zote.

Majina

Yamebaki majina, na hapa ndipo penye raha. Watayarishaji wa matoleo ya Kifaransa hawakuyaacha majina mengi ya Kijapani kama yalivyo, waliyaunda upya. Kiumbe anayeitwa Fushigidane kwa Kijapani, kutokana na maneno yenye maana ya ajabu na mbegu, kwa Kifaransa ni Bulbizarre. Akigeuka anakuwa Fushigisō, ajabu na majani, kisha Fushigibana, ajabu na ua. Kobe anayeitwa Zenigame, yaani kobe wa sarafu, amekuwa Carapuce. Mjusi wa moto, Hitokage, ndiye Salamèche tuliyekwisha kumtaja. Mtoto wa Ufaransa anayafungua majina haya kama njugu. Anaona mwenge wa utambi ndani ya Salamèche na gamba ndani ya Carapuce. Mtoto wa Baraka anayakariri tu, kama alivyokariri vitenzi vya Kifaransa darasani.

Je, Kiswahili kinaweza? Kinaweza. Tumekwisha kuunda chajio kutokana na chakula cha jioni, chamcha kutokana na chakula cha mchana, na msikwao kutokana na mtu asiye na kwao. Tofauti ni kwamba Kijapani hutanguliza kivumishi, ilhali Kiswahili hutanguliza kichwa cha neno. Hivyo hatutasema Motomjusi bali Mjusimoto. Ile familia ya mbegu nimeiita Mbegujabu, Janijabu na Uajabu, na watoto waliponisikia walikisia hatua ya pili na ya tatu kabla sijaitamka. Kobe wa sarafu nilimwita Kobesenti. Mume wa dada yangu, aliyekuwa akitusikiliza akijifanya anasoma, akasema kwamba angemwita Kobemakuta, kwa kumbukumbu ya zile sarafu za enzi ya Zaire. Tulicheka sana, lakini ilibidi tuwaeleze watoto makuta ni nini.

Majina haya yakipatikana, swali la ka- na ki- linapungua makali, kwani jina la pekee huchukua a-/wa- popote: Mjusimoto amegeuka, kutoka Unguja hadi Fizi. Halimaliziki, hata hivyo, maana mtoto hatamwita kipenzi chake kwa jina tu. Atataka pia kumdekeza, na kudekeza hupitia katika viambishi. Kwa matini iliyoandikwa ningetumia zimwi dogo na zimwi kubwa, kwa sababu vivumishi hivyo havibadiliki maana ziwa linapovukwa. Kwa maneno yanayowekwa midomoni mwa watu wa mchezo, ningeruhusu matoleo mawili, moja lenye ki- na moja lenye ka-, kama vile matoleo ya Kihispania ya Hispania na ya Amerika ya Kilatini yanavyotofautishwa katika kazi nyingi za kutafsiri.

Niliwajibu wale watoto hivyohivyo, kwa maneno mepesi zaidi: kwamba hakuna aliyesema vibaya, na kwamba kila mmoja alisikia Kiswahili cha mahali alipokulia. Jibu hilo halikuwaridhisha. Walitaka mshindi. Safari nyingine nilipofika Baraka nilimkuta yule mkubwa barazani, mdogo wake akiwa pembeni, akizungumza kwa simu na rafiki aliyebaki kambini. "Kinyama changu kimegeuka," alimwambia. Kisha akakata simu, akamgeukia mwenzake: "Leta chaji, kanyama kangu kanataka kulala."